Namna ya Kuchuja Maudhui ya Intaneti Kwenye Kompyuta ya Linux Inayotumiwa na Watu Wengi

Katika familia, shule, maktaba na vituo vya TEHAMA, ni jambo la kawaida kwa kompyuta moja kutumiwa na watu wa umri tofauti. Asubuhi mwalimu huandaa mtihani, mchana wanafunzi wa sekondari hutafuta masomo, na jioni mtoto wa darasa la nne huketi mbele ya skrini ileile. Mashine ni moja na huduma ya intaneti ni moja, lakini kinachomfaa mtu mzima si lazima kimfae mtoto.

Baadhi ya kompyuta hizo hutumia mfumo endeshi wa Linux, ambao ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds na ambao leo hupatikana katika matoleo mbalimbali yakiwemo Ubuntu, Debian na Linux Mint. Matoleo hayo hayana ada ya leseni na baadhi yake hufanya kazi vizuri hata katika mashine za miaka mingi, sababu inayozifanya shule na taasisi zenye bajeti ndogo kuyachagua.

Hata hivyo, wazazi na walimu wengi wanaopata kompyuta ya namna hiyo hukutana na swali moja: je, inawezekana kuzuia tovuti zisizofaa, na kuhakikisha kwamba yule anayezuiwa hawezi kukiondoa kichujio kwa dakika tano? Jibu ni kwamba inawezekana kwa kiwango kikubwa, iwapo kazi hiyo itafanywa kwa tabaka kadhaa na kwa mpangilio sahihi. Kichujio cha tabaka moja hukwepwa kwa urahisi, na mara nyingi mtoto ndiye wa kwanza kugundua namna ya kukikwepa.

Msingi wa kisheria

Ulinzi wa mtoto mtandaoni una msingi wake katika sheria za nchi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na inaweka wajibu wa mzazi au mlezi katika malezi na ulinzi wake. Kwa upande wa Zanzibar, eneo hilo linasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inaharamisha uchapishaji wa picha za ngono za watoto kupitia mifumo ya kompyuta.

Aidha, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ziliwataka watoa huduma za intaneti za umma, maarufu kama intaneti kafe, kuweka utaratibu wa kuchuja maudhui yaliyokatazwa pamoja na sera ya matumizi salama inayoonekana kwa kila mteja. Kanuni hizo zilifuatiwa na nyingine mwaka 2020, ambazo zimefanyiwa marekebisho baadaye. Kwa mmiliki wa kituo cha umma, kwa hiyo, kuchuja maudhui ni suala la kuzingatia masharti ya biashara yake na si hiari pekee.

Tabaka la kwanza: nani mwenye mamlaka juu ya mashine

Linux ilijengwa tangu mwanzo kwa ajili ya watumiaji wengi. Kila mtumiaji huwa na akaunti yake, na kila faili huwa na mwenyewe. Juu ya wote yupo msimamizi mkuu aitwaye root, ambaye peke yake ndiye anayeweza kubadili mipangilio ya mfumo mzima. Huu ndio msingi wa kichujio chochote, kwani mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kufuta kila kilichowekwa ili kumzuia.

Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni familia au shule nzima kutumia akaunti moja. Katika Ubuntu, akaunti ya kwanza inayoundwa wakati wa kusakinisha mfumo hupewa mamlaka ya msimamizi kupitia kundi liitwalo sudo. Iwapo akaunti hiyo ndiyo inayotumiwa na kila mtu, hakuna kichujio kitakachodumu.

Utaratibu unaoshauriwa ni kuunda akaunti ya msimamizi yenye nywila inayofahamika na mtu mmoja au wawili tu, kisha kuunda akaunti za kawaida kwa watumiaji wengine. Mzazi mwenyewe anashauriwa kutumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, na kuingia kwenye ile ya msimamizi pale tu anapohitaji kubadili mipangilio.

Kuondoa jina la mtumiaji katika kundi la sudo pekee hakutoshi. Yapo makundi mengine, kama vile docker, lxd na disk, ambayo mwanachama wake anaweza kuyatumia kupata mamlaka ya juu kwa njia ya mzunguko. Msimamizi anapaswa kukagua makundi ya kila akaunti kwa kutumia amri ya groups ikifuatiwa na jina la mtumiaji, na kuondoa kila kundi lisilohitajika.

Tabaka la pili: kitabu cha majina ya intaneti

Kila mtu anapoandika jina la tovuti, kompyuta huuliza kwanza seva maalumu, iitwayo DNS, jina hilo lina anwani gani ya namba. Seva hiyo hufanya kazi kama kitabu cha namba za simu: bila namba, simu haiwezi kupigwa. Kwa sababu hiyo, njia nyepesi na isiyo na gharama ya kuchuja maudhui ni kuielekeza kompyuta kwenye seva ya majina inayokataa kutoa anwani za tovuti zisizofaa.

Zipo huduma kadhaa za bure za aina hiyo. Kampuni ya Cloudflare ilizindua mwaka 2020 seva za familia zenye anwani 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ambazo huzuia tovuti za ngono pamoja na zile zinazosambaza programu hasidi. CleanBrowsing inatoa kichujio cha familia kwa anwani 185.228.168.168 na 185.228.169.168, ambacho zaidi ya kuzuia tovuti za ngono hulazimisha utafutaji salama katika Google na Bing, na huzuia pia tovuti za huduma zinazotumika kukwepa vichujio. OpenDNS nayo ina huduma ya FamilyShield kwa anwani 208.67.222.123 na 208.67.220.123.

Mahali pazuri zaidi pa kuweka anwani hizo ni kwenye ruta ya nyumba au shule, kwa kuwa hapo zitahudumia vifaa vyote kwa pamoja, zikiwemo simu. Pale ambapo ruta haipo, au intaneti inatoka kwenye simu ya mkononi, anwani huwekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Katika matoleo yanayotumia huduma ya systemd-resolved, likiwemo Ubuntu, mipangilio hiyo huandikwa katika faili la /etc/systemd/resolved.conf, ambalo mtumiaji wa kawaida hawezi kulibadili.

Baadhi ya watu hutumia njia ya zamani zaidi, yaani kuandika majina ya tovuti zinazozuiwa katika faili la /etc/hosts na kuyapa anwani ya 0.0.0.0. Njia hii inafaa kwa tovuti chache zinazojulikana, lakini ina upungufu. Kila jina lazima liandikwe peke yake, hivyo kuzuia jina kuu la tovuti hakuzuii matawi yake, na tovuti mpya huanzishwa kila siku kuliko mtu yeyote anavyoweza kuziorodhesha.

Tabaka la tatu: sera za kivinjari

Wengi huishia katika tabaka la pili na kudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba vivinjari vya kisasa vina uwezo wa kuuliza majina ya tovuti kwa njia ya siri, kupitia mlango uleule unaotumiwa na tovuti za kawaida, na kuiruka kabisa seva ya majina iliyowekwa kwenye kompyuta. Teknolojia hiyo, inayofahamika kama DNS juu ya HTTPS, iliundwa kwa nia njema ya kulinda faragha, lakini mtoto anaweza kuiwasha ndani ya mipangilio ya kivinjari na kichujio kikakosa kazi.

Suluhisho ni sera za kivinjari zinazowekwa na msimamizi. Kwa Firefox, sera huandikwa katika faili la /etc/firefox/policies/policies.json. Kwa Google Chrome, huwekwa katika folda ya /etc/opt/chrome/policies/managed, na kwa Chromium inayosakinishwa kwa njia ya kawaida, katika /etc/chromium/policies/managed. Mtumiaji wa kawaida akifungua mipangilio atakuta sehemu zilizofungwa na hataweza kuzibadili.

Kupitia sera hizo, msimamizi anaweza kufanya mambo yafuatayo:

- Kuzima na kufunga DNS juu ya HTTPS, ili maswali yote ya majina yapite kwenye seva iliyochaguliwa.
- Kuorodhesha tovuti zinazozuiwa, na zile zinazoruhusiwa kama ruhusa maalumu ndani ya kivinjari.
- Kuzuia kusakinishwa kwa programu-jalizi, kwa kuwa baadhi yake ni huduma za VPN zinazokwepa vichujio.
- Kuzima dirisha la faragha, ambalo huficha historia ya tovuti zilizotembelewa.
- Kwa Chrome na Chromium, kulazimisha utafutaji salama wa Google na hali ya tahadhari ya YouTube.

Ipo hatari ndogo ambayo huwapata hata mafundi wazoefu. Faili la sera linapaswa kuwa mali ya root, lakini lisomeke kwa watumiaji wote. Likifungwa kupita kiasi, kivinjari kinachoendeshwa na mtoto hakitaweza kulisoma, na hivyo hakitatekeleza sera yoyote. Vilevile, alama moja ya mkato iliyokosewa ndani ya faili inaweza kulifanya lipuuzwe lote. Ili kujiridhisha, msimamizi anapaswa kuingia kwa akaunti ya mtoto, kufungua kivinjari na kuandika about:policies kwa Firefox au chrome://policy kwa Chrome, kisha kusoma orodha ya sera zilizopokelewa na makosa yaliyobainishwa.

Tabaka la nne: fayawoli inayomtambua mtumiaji

Linux ina uwezo ambao wengi hawaufahamu. Fayawoli yake, inayosimamiwa kwa programu ya nftables au ile ya awali ya iptables, inaweza kutambua ni akaunti ipi ndani ya kompyuta iliyotuma taarifa kwenda nje. Kwa hiyo, sheria moja inaweza kumhusu mtoto na nyingine kumhusu mzazi katika mashine hiyohiyo, bila ya mzazi kulazimika kuzima kichujio kila anapoketi kufanya kazi zake.

Kanuni ya kwanza ya kuweka ni kwamba maswali yote ya majina ya tovuti, yanayopita mlango namba 53, yaruhusiwe kwenda kwenye seva za familia zilizochaguliwa pekee, na yanayokwenda kwingine yakataliwe. Kanuni ya pili ni kufunga mlango namba 853, unaotumiwa na aina nyingine ya maswali ya siri. Kanuni hizi zina umuhimu mkubwa kwa kuwa, katika matoleo mengi, mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kujiunga na mtandao mpya wa Wi-Fi na kuupangia seva ya majina anayoitaka. Fayawoli ikiwa imara, mabadiliko hayo hayatamsaidia.

Msimamizi akumbuke pia kwamba intaneti ina mifumo miwili ya anwani, IPv4 na IPv6. Kufunga mlango katika mfumo mmoja na kuuacha wazi katika mwingine ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani ukiwa wazi. Katika nftables, jedwali la aina ya inet hushughulikia mifumo yote miwili kwa pamoja.

Tabaka la tano: proksi kwa shule na vituo vya umma

Kwa maabara ya shule au kituo chenye wateja wengi, inafaa kuongeza seva ya kati iitwayo proksi. Hii ni programu ambayo hupokea maombi ya watumiaji wote, huyapima kwa kanuni zilizowekwa, na kisha huyapitisha au huyakataa. Programu ya Squid imetumika kwa kazi hiyo kwa miaka mingi, na e2guardian, iliyotokana na mradi wa awali wa DansGuardian, iliundwa mahususi kwa ajili ya kuchuja maudhui.

Proksi huwa na nguvu pale tu inapolindwa na fayawoli. Akaunti ya proksi iruhusiwe kutoka nje kupitia milango namba 80 na 443, na akaunti za wanafunzi zizuiwe kutumia milango hiyo moja kwa moja. Mwanafunzi atakayeondoa mipangilio ya proksi katika kivinjari chake hatapata intaneti huru, bali atakosa intaneti kabisa. Zuio hilo lihusu itifaki za TCP na UDP kwa pamoja, kwa kuwa vivinjari vya kisasa hutumia zote mbili kupitia mlango namba 443.

Ifahamike kwamba tovuti nyingi leo husimba mawasiliano yake kwa HTTPS. Proksi huona jina la tovuti inayoombwa, lakini haioni ukurasa uliofunguliwa wala maneno yaliyomo. Hivyo inaweza kuzuia au kuruhusu tovuti nzima, lakini si ukurasa mmoja ndani yake. Ipo mbinu ya kusakinisha cheti cha usalama cha taasisi ili proksi ifungue na kusoma kila kinachopita. Mbinu hiyo ina hatari kubwa: nywila za barua pepe, huduma za benki na taarifa za afya za watumiaji huwa wazi kwa msimamizi, na kwa yeyote atakayeiba ufunguo wa cheti hicho. Kwa kompyuta ya nyumbani au ya kituo cha umma, kuchuja kwa majina ya tovuti kunatosha.

Njia zinazotumika kukwepa kichujio

Hakuna kichujio kinachodumu iwapo mtu anaweza kuanzisha kompyuta nje ya mfumo uliochujwa. Flashi yenye Linux inayojitegemea, ikichomekwa na kompyuta kuwashwa upya, humpa mtumiaji mashine mpya isiyo na masharti. Vilevile, menyu ya GRUB inayotokea wakati wa kuwasha kompyuta inaweza kumfikisha mtu kwenye hali ya ukarabati, ambayo katika baadhi ya matoleo humpa mamlaka ya root bila kuombwa nywila.

Hatua za kuziba njia hizo ni tatu. Kwanza, kuweka nywila katika mipangilio ya msingi ya kompyuta, yaani BIOS au UEFI, na kuzima uwezo wa kuwaka kutoka kwenye flashi. Pili, kuweka nywila ya GRUB ili menyu yake isibadilishwe. Tatu, kuisimba diski, ingawa hatua hii ina mipaka kwa kompyuta inayotumiwa na wengi, kwa sababu kila anayejua neno la kufungulia diski anaweza kulitumia hata akiwa nje ya mfumo. Shule inayochagua njia hiyo inapaswa kumpa mwalimu mmoja jukumu la kuwasha mashine.

Njia nyingine ya kukwepa ni programu zisizohitaji kusakinishwa. Mtumiaji wa kawaida anaweza kupakua kivinjari kingine, kikiwemo Tor Browser, akakiweka katika folda yake na kukiendesha hapohapo. Msimamizi anaweza kupunguza uwezekano huo kwa kutenga sehemu ya diski kwa ajili ya folda za watumiaji, na kuipa sharti la noexec katika faili la /etc/fstab, linalozuia programu kuendeshwa kutoka humo. Sharti hilohilo liwekwe kwenye folda za muda kama /tmp. Katika mifumo yenye Flatpak, ambayo humruhusu mtumiaji kujisakinishia programu, zana ya malcontent inayotumiwa na mazingira ya GNOME humwezesha mzazi kuzuia usakinishaji huo.

Kuhusu VPN, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa taarifa kwa umma mwezi Oktoba 2023 ikiwataka watumiaji wake kutoa taarifa za matumizi hayo. Katika kompyuta ya pamoja, njia bora ya kuidhibiti ni ile iliyoelezwa hapo juu: akaunti ya mwanafunzi ipewe njia moja tu ya kutoka, kupitia proksi, na milango mingine yote ifungwe.

Watoto wadogo: orodha ya ruhusa badala ya orodha ya marufuku

Kwa mtoto wa shule ya msingi, ni rahisi na salama zaidi kugeuza utaratibu. Badala ya kuorodhesha kila kibaya, msimamizi huzuia tovuti zote na kuruhusu chache zinazojulikana. Katika Firefox, jambo hilo hufanyika kwa sera ya WebsiteFilter, ambapo anwani zote huzuiwa na zile zinazokubalika huwekwa kama ruhusa maalumu.

Orodha ya kuanzia inaweza kuwa na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE), tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), Wikipedia ya Kiswahili na tovuti ya shule husika. Orodha hiyo hupanuliwa kadiri mtoto anavyokua. Zana ya Timekpr-nExT inaweza kuongezwa ili kupanga saa ambazo akaunti ya mtoto inaruhusiwa kutumika, hasa nyakati za usiku.

Tahadhari: kuzuia kupita kiasi na haki ya faragha

Kichujio hakina akili ya mzazi. Huweza kuzuia makala kuhusu saratani ya matiti, elimu ya afya ya uzazi au msaada kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia, kwa sababu tu ya maneno yaliyomo au kundi ambalo tovuti imewekwa. Binti anayetafuta taarifa sahihi kuhusu hedhi na kukuta ukurasa umefungwa anaweza kwenda kuuliza mahali pasipo salama. Kwa sababu hiyo, kila kichujio kinapaswa kuwa na njia ya wazi ya kuomba tovuti ifunguliwe, na mtu anayewajibika kujibu ombi hilo kwa haraka.

Suala hili limewahi kufika mahakamani katika nchi nyingine. Nchini Marekani, sheria ya ulinzi wa watoto mtandaoni iliyopitishwa mwaka 2000 ilizitaka maktaba zinazopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya intaneti kuweka vichujio. Chama cha maktaba kiliipinga kwa hoja kwamba watu wazima wangezuiwa kupata taarifa halali. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliiacha sheria hiyo isimame, na miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa ni kwamba mtu mzima angeweza kumwomba mhudumu wa maktaba amwondolee kichujio. Funzo kwa vituo vya umma ni kwamba masharti ya mtoto hayapaswi kumfunga mtu mzima, na akaunti tofauti ndizo zinazowezesha utenganisho huo.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Proksi huandika kila tovuti iliyoombwa, saa na akaunti iliyohusika, na kumbukumbu hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi, na zisitunzwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Shule au kituo kinapaswa kuwaeleza watumiaji kwamba matumizi yao yanarekodiwa, kwa sababu gani, nani anayeruhusiwa kusoma kumbukumbu hizo, na zitafutwa lini.

Kupima na kutunza

Baada ya kukamilisha mipangilio, msimamizi anapaswa kuijaribu kwa macho ya mtumiaji. Aingie kwa akaunti ya kawaida na kuhakiki mambo yafuatayo:

- Amri ya sudo inakataliwa.
- Tovuti iliyo katika orodha ya marufuku haifunguki katika vivinjari vyote vilivyopo.
- Kuunganisha kompyuta na intaneti ya simu hakubadilishi matokeo.
- Kompyuta haiwaki kutoka kwenye flashi.
- Mipangilio yote inabaki ilivyo baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa upya.

Jambo hilo la mwisho husahaulika mara nyingi. Kanuni za fayawoli zilizoandikwa kwa amri bila kuhifadhiwa hupotea mashine inapozimwa, na kichujio kilichofanya kazi jana huwa hakipo leo. Aidha, mfumo unaposasishwa au kivinjari kipya kinapoongezwa, majaribio hayo yarudiwe. Nywila ya msimamizi iandikwe na kutunzwa mahali salama, ili mtu mmoja akiondoka au akisahau, shule nzima isibaki na mashine isiyoweza kurekebishwa.

Nafasi ya mzazi na mwalimu

Tabaka zote tano zikiwekwa vizuri, hulinda kompyuta moja tu. Mtoto huyohuyo anaweza kukutana na maudhui yasiyofaa kwenye simu ya rafiki, na hapo hakuna faili la sera litakalomsaidia isipokuwa malezi na maelekezo aliyopewa. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kompyuta iwekwe sebuleni au mahali penye watu, mtoto aelezwe kwa lugha anayoielewa kwa nini baadhi ya tovuti zimefungwa, na ajue kwamba akikutana na jambo la kumtisha au mtu anayemshawishi mtandaoni anaweza kulisema bila kuadhibiwa.

Mzazi, mlezi au mtoto anayehitaji ushauri kuhusu ukatili dhidi ya mtoto, ukiwemo unaofanyika kwa njia ya mtandao, anaweza kupiga simu bila malipo katika Huduma ya Simu kwa Mtoto kwa namba 116. Vitendo vya kijinai viripotiwe katika kituo cha Polisi kilicho karibu, na ushahidi kama vile ujumbe, namba na anwani za tovuti uhifadhiwe bila kufutwa.